NANI na Faili ya Wafula

Ninyi mliobaki ofisini mmeniomba niwaandikie habari za kazi, na kwa kuwa nimestaafu sina kisingizio. Nani alipandishwa cheo lini na nani alilipwa ngapi, hayo sitaandika. Wenye kujua wanajua, na wasiojua wamelala vizuri miaka yote hii. Nitaandika kuhusu programu moja iliyoitwa NANI, ambayo wengi wenu hamjawahi kuisikia, na kuhusu juma ambalo ilitukosesha usingizi.

Nilianza kazi Eldoret mwishoni mwa miaka ya themanini, wakati wa chama kimoja, katika kampuni ndogo ya huduma za kompyuta iliyokuwa juu ya duka la mbolea. Siku ya kwanza niliambiwa nivue viatu. Chumba cha kompyuta hakikuingiwa na viatu kwa sababu ya vumbi, na baridi ya Eldoret mwezi wa saba si mchezo kwa mtu aliyevaa soksi za nailoni. Kompyuta zilikuwa mbili. Usiku zilifunikwa kwa vitambaa vya maua alivyoshona mke wa mwenye kampuni, na asubuhi zilifunuliwa kwa heshima ambayo mimi sijawahi kuonyeshwa na mtu yeyote. Ukutani palikuwa na picha ya Rais, kama ilivyokuwa kila ofisi, imeelekezwa kwenye mashine. Mteja mmoja aliniuliza kama ndiyo inayozilinda. Nilimjibu kwamba bado hakuna aliyeziiba.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Kirwa. Alikuwa amefundisha hesabu sekondari kabla ya kuja kwetu, na bado alizungumza kama mtu anayesubiri darasa litulie. Alinikalisha mbele ya mashine akaniambia, "Wambui, hii kitu haijui chochote. Usiiogope. Lakini pia usiiamini." Kisha akatazama soksi zangu na kunishauri ninunue za sufu.

Kazi yetu ilikuwa kupokea disketi za watu: shule, vyama vya ushirika, wenye mashine za kusaga mahindi. Disketi, kwa ninyi mliozaliwa baadaye, ilikuwa kisahani chembamba cha plastiki ndani ya ganda jeusi, na ilibeba mambo machache kuliko picha moja mnayotumiana siku hizi. Mwalimu mkuu mmoja aliikunja mara mbili ili itoshe mfuko wa shati. Karani wa ushirika fulani aliitoboa matundu mawili kwa kipanchi akaipanga ndani ya jalada, kati ya barua za mwezi wa pili na za mwezi wa tatu. Nilimwonea huruma kwa sababu mpangilio wenyewe ulikuwa mzuri sana.

Lakini shida kubwa haikuwa disketi zilizokufa. Shida ilikuwa zilizo hai ambazo hazikujulikana zina nini. Faili ya siku zile ilikuwa na jina fupi, kisha nukta, kisha herufi tatu. Herufi hizo tatu ndizo zilizotakiwa kusema hii ni barua, hii ni hesabu, hii ni programu. Makatibu wa Eldoret walikuwa na desturi yao. Waliona ni upuuzi kuiambia mashine kwamba barua ni barua, kwa hiyo pale kwenye herufi tatu waliandika jina la bosi. Kazi zote za Bwana Kosgei ziliishia na KOS, iwe barua, iwe hesabu ya mifugo, iwe ratiba ya harusi ya binti yake. Na enzi zile mkubwa angeweza kufutwa kazi kwenye taarifa ya habari ya redio ya saa saba mchana. Kufikia saa nane katibu wake alikuwa ameshabadilisha herufi za faili zote ziwe za bosi mpya. Disketi ikifika kwetu, tulijua nani anatawala, lakini hatukujua tuifungue kwa programu gani.

Ndipo Bwana Kirwa akaandika NANI. Ilikaa kwenye disketi yake yenyewe, ndani ya mkebe wa biskuti, na hakuna aliyeruhusiwa kuweka biskuti humo tena. Uliipa faili, nayo haikujali jina. Ilisoma alama za mwanzo kabisa. Kila aina ya faili ina namna yake ya kuanza, kama watu wanavyosalimiana: mtu akishafungua mdomo unajua ametoka Kiambu au Bungoma kabla hajasema shida yake. Programu zilianza na herufi M na Z. Orodha za kumbukumbu zilianza na alama moja, namba tatu. Picha zilianza kwa kujitaja jina. NANI ilisikia salamu, ikaandika jibu kwenye skrini kwa herufi kubwa.

Barua zilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa barua haina salamu maalum, inaanza tu. Hapo Bwana Kirwa alitumia njia yake ya mwalimu. NANI ilihesabu irabu, yaani a, e, i, o, u. "Kiswahili kimejaa irabu," alinieleza. "Kizungu kina chache, lakini ziko. Kikalenjin, Kikuyu, Kiluhya, zote ziko nazo. Mtu hawezi kuongea bila irabu." Kwa hiyo faili yenye irabu za kutosha ilipewa jibu MAANDISHI, na isiyo nazo ilipewa jibu SI MAANDISHI. Na faili ambayo NANI imesema si maandishi, sheria ilikuwa haifunguliwi kwa programu ya kuandikia barua. Sheria hiyo ilitokana na faili ya wakulima wa maziwa iliyofunguliwa hivyo kabla sijaajiriwa, ikahifadhiwa upya ikiwa uji. Maziwa yaliendelea kuletwa kila asubuhi, ila hakuna aliyejua ni ya nani.

NANI haikuwahi kukosea. Bwana Kirwa, aliyenionya nisiiamini mashine, aliiamini hii kwa sababu aliitengeneza mwenyewe. Na mimi nilimwamini yeye.

Sasa Wafula. Wafula alikuwa karani wetu wa kupokea wateja, mtu wa magharibi, mwenye mabega mapana na sauti nzito iliyofanya "karibu" lisikike mpaka dukani kwa mbolea. Alipanga nyumba Kapsoya, hapo mjini, lakini alikuwa amenunua kipande cha shamba Chepsaita na huko ndiko mkewe, Mama Nekesa, alikaa na kulima. Jumapili Wafula alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa la huko. Sikukuu za taifa zikikaribia, kwaya zote ziliombwa nyimbo mpya za kusifu, na neno kuombwa nalitumia kwa upole. Wafula alizitunga bila shida. Alisema ni kama kushona sare za shule.

Nyimbo zake mwenyewe alizitunga polepole. Kwaya yake ilikuwa na sauti nne, na alikuwa akiwanakilia kwa karatasi ya kaboni. Kopi ya mwisho, ya wanaume wa besi, ilifika ikiwa imefifia kiasi kwamba waliimba kwa imani. Ndipo akamwomba Bwana Kirwa atumie kompyuta saa ya chakula cha mchana, ili achape kopi zote zikiwa sawa. Bwana Kirwa alikagua soksi zake, akakubali. Tulimzoea pale, akidonoa kibodi kwa kidole kimoja huku akinguruma kifuani. Hatukuwahi kuchungulia. Mtu akiwa anakula au akitunga wimbo, unamwacha.

Mvua za mwaka ule zilimletea homa ya mapafu. Alilazwa, akaonekana anapata nafuu, kisha akafariki. Nilifika kazini, kiti chake kilikuwa pale, mteja akaingia na hakuna aliyemwambia karibu. Nililia chooni, nikanawa uso, nikampokea mteja.

Mama Nekesa alikuja Jumatano, mazishi yakiwa Jumamosi. Alikuwa na gambuti zenye matope ya Chepsaita. Bwana Kirwa alianza kusema ile habari ya viatu, akaacha katikati.

"Leo sivui," Mama Nekesa alisema. "Nitakaa tu hapa mlangoni."

Tukamwekea kiti mlangoni, nikamletea chai.

"Wafula aliniambia amemaliza wimbo," akaanza. "Mpya. Akasema, Mama Nekesa, huu si wa sikukuu, huu ni wetu. Uko kwa kompyuta. Sasa kwaya inataka kumzika nao. Na mimi nataka."

"Tutautafuta, Mama," Bwana Kirwa alisema.

"Kuna shida ingine. Chifu amesema hakuna wimbo mpya utaimbwa kwa mkutano wowote kabla aone maneno. Hata matanga ni mkutano. Anataka maneno kesho."

Mnaosoma haya leo mtashangaa. Sisi hatukushangaa. Watu wakikusanyika, chifu alitaka kujua watasema nini, na wimbo ni watu wengi wakisema jambo moja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo tulijua tunachotafuta: maneno ya wimbo, kabla ya kesho.

Disketi ya Wafula ilikuwa kwenye droo yake, safi, na kibandiko kilichonyooka. Tuliipitishia NANI faili moja baada ya nyingine. MAANDISHI: barua ya mbegu za mahindi. MAANDISHI: ombi la likizo. MAANDISHI: wimbo wa sikukuu, beti nyingi, sare za shule. Ikabaki faili moja, kubwa kuliko zote, ambayo herufi zake tatu zilikuwa NEK. NANI iliisoma mpaka mwisho ikaandika: SI MAANDISHI.

Bwana Kirwa alirudia. Jibu likawa lile lile. Akaimwaga ilivyo kwenye skrini, na skrini ikajaa vialama vya ajabu, vikombe na mikia na herufi za Kigiriki, huku mashine ikipiga mlio.

"Umeona?" akaniuliza. "Hii ni takataka ya programu fulani. Wimbo ni maneno. Kama si maandishi, si wimbo."

"Labda hakuuhifadhi," nikasema.

"Labda umeme ulipotea."

Umeme ulikuwa ukipotea mara nyingi, kwa hiyo lilikuwa jibu zuri, na tulilishika wote wawili. Lakini Bwana Kirwa alikuwa na utaratibu wake wa kesi ngumu, na huo ndio ningependa muuchukue hata kama mengine mtayasahau. Alisema ikishindikana kwenye skrini, ichape, kaa chini, shika penseli. Aliiambia NANI iisafishe faili, yaani iiondolee alama za ziada kama ilivyofanya kabla ya kuhesabu irabu, kisha akaichapa. Printa ya siku zile ililia kama mashine ya kusaga, na Mama Nekesa pale mlangoni akaweka kikombe chini.

Tulikaa na ile karatasi. Vile vialama vya ajabu vilikuwa vimekwisha, zikabaki herufi chache tu zikijirudia: d, r, m, f, s, l, t, na katikati yake nukta mbili, vistari na nafasi. Bwana Kirwa alizungushia baadhi kwa penseli, akatafuta mpangilio wa hesabu, akapata nusu yake, ukampotea. Kanisani kwake waliimba kwa kupiga makofi. Kanisani kwetu tulikuwa na kitabu cha maneno, na sauti tulimfuata mama mmoja aliyeketi mbele. Tuliiangalia ile karatasi kwa macho yetu yote manne na hatukuona kitu.

"Nimpelekee," akasema mwishowe. "Angalau aone tumejaribu."

Alitoka kwa soksi mpaka mlangoni. "Mama, pole sana. Tumeangalia zote. Wimbo haumo."

"Na hiyo karatasi?"

"Hii ndiyo faili ilibaki. Ni takataka tu ya mashine."

Mama Nekesa aliipokea kwa mikono miwili. Aliitazama muda, kisha akaweka kidole kwenye mstari wa pili na kidole kikaanza kutembea. Midomo yake ilisogea. Nilifikiri anaomba. Halafu sauti ikatoka, ndogo, ya pumzi zaidi kuliko ya koo, "so, so, la, so," ikipanda na kushuka mahali kidole kilipopanda na kushuka, na alipofika mwisho wa mstari hakusimama, alirudi kushoto akaendelea.

"Hii ni alto, sauti yangu," akasema. "Bwana Kirwa, hii si takataka. Hii ni solfa. Huyu ni Wafula."

Bwana Kirwa alikaa kwenye ngazi, katikati ya njia ya wateja, kwa soksi. Akasema, "Irabu." Mimi pia nikaelewa. Kwaya nyingi za huku husoma sauti kwa solfa, na solfa huandikwa kwa herufi moja moja: d ni do, r ni re, m ni mi. Irabu zote hubaki mdomoni mwa mwimbaji. Kwenye karatasi nzima ya Wafula hapakuwa na irabu hata moja, na NANI ilihesabu ikapata sufuri. Na vile vialama vya ajabu, hiyo ilikuwa tabia ya programu ya kuandikia ya wakati ule, kutia alama yake ya siri kwenye herufi ya mwisho ya kila neno. Kwenye barua ya kawaida ungeweza kubahatisha. Lakini neno likiwa na herufi moja, hiyo hiyo ndiyo ya mwisho, na wimbo mzima ukageuka vialama.

"Na maneno je?" nikauliza. "Chifu anataka maneno."

Mama Nekesa alitafuta juu mpaka chini, akageuza karatasi, akatafuta nyuma. "Hakuna. Yeye alikuwa anaanzanga na sauti. Maneno anaweka mwisho." Kisha ikamwingia, na uso wake ukaporomoka. "Sasa nitampea chifu nini?"

Alilia hapo mlangoni, na nilimchukia chifu, na NANI, na umeme ambao safari hii haukuwa na kosa lolote. Bwana Kirwa alimwacha alie mpaka akatosheka.

"Mpelekee hii hii," akasema. "Wambui ataenda na wewe."

Kesho yake tulikuwa mbele ya chifu. Alivaa miwani, akaisoma karatasi kwa makini kutoka mwanzo, na sijui aliisomaje.

"Hii ni lugha gani?"

"Ni solfa, Chifu," Mama Nekesa akajibu.

"Inasema nini?"

"Haisemi kitu. Inaimbwa tu."

"Imetaja chama mahali?"

"Hapana."

"Imetaja serikali?"

"Chifu, ni do na re."

Alirudia ukurasa wa mwisho, ambako pengine uchochezi hupenda kujificha. Kisha akafungua kidau cha wino, akagonga muhuri juu ya sauti ya kwanza, akatia sahihi, na kusema kwamba yeye binafsi hana pingamizi. Sijawahi kuona utunzi ukipitishwa haraka hivyo. Aliomba abaki na kopi, na kwa mara ya kwanza tangu Wafula afe Mama Nekesa alitabasamu kidogo, kwa sababu kopi tulikuwa nazo nyingi, na zote zilisomeka, hata za besi.

Jumamosi tulikwenda Chepsaita. Mahindi yalikuwa marefu kupita watu, baridi ikauma. Chifu alikuja, akapewa kiti. Hotuba zilikuwa ndefu. Kisha kwaya ikasimama kando ya kaburi na karatasi zetu mkononi, zikiwa bado na vitundu vya printa pembeni, na mwalimu msaidizi akainua mkono.

Hakuna aliyeimba.

Mkono ulikuwa ukipiga mapigo, polepole, kwa usahihi, na watu wote wa kwaya walikuwa wakifuata kwenye karatasi, lakini midomo ilikuwa imefungwa. Watu wakaanza kutazamana. Chifu alitazama saa. Bwana Kirwa, aliyekuwa karibu nami, alikunja kopi yake, akaifunua, akaweka kidole kwenye mstari wa nne, wa besi, na kunionyesha. Wimbo ulianza na besi peke yake. Wafula alikuwa amejiandikia mwanzo yeye mwenyewe, na kwaya ilikuwa imekubaliana kwamba hakuna atakayemchukulia nafasi yake. Walimngoja mpaka alipomaliza. Kisha alto wakaingia, Mama Nekesa akiwa katikati, kisha wengine wote, do na re na mi, bila neno hata moja.

Huo ndio wimbo mzuri kuliko yote niliyosikia maishani. Naandika hivyo nikiwa nimetulia na nimeshakunywa chai.

Jumatatu Bwana Kirwa alivua viatu, akatoa mkebe wa biskuti, akaongeza mistari michache kwenye NANI. Tangu hapo ilipokutana na faili yenye herufi zile saba na isiyo na irabu, iliandika: WIMBO. NGOJA BESI. Halafu ilinyamaza. Alikuwa ameiambia mashine ihesabu namba kimoyomoyo bila kufanya lolote, kwa muda ule ule tuliosimama Chepsaita, kabla ya kuonyesha ukurasa. Nilimwambia hakuna mteja atakayetuletea solfa. Akasema anajua.

Bwana Kirwa naye ameshatangulia. Faili ya Wafula nimeihamisha kutoka disketi hadi disketi, hadi sidii, hadi mahali mnapopaita mawinguni. Programu mnayotumia ninyi inatambua maelfu ya aina za faili, na nilipoipa hii ilisema ni maandishi ya kawaida, jambo ambalo ni kweli. Wiki yangu ya mwisho kazini, Cherono wa meza ya tatu aliniwekea programu ya kuigiza mashine za zamani, nikaiwasha NANI humo. Ikaandika WIMBO. NGOJA BESI. Na papo hapo, kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe, ukurasa ukafunguka. Mashine za leo zina kasi. Hesabu ile yote ya Bwana Kirwa zinaimaliza kabla mtu hajapepesa jicho.

Cherono akauliza kama kuna kitu kimeharibika. Nikamwambia hapana, akae kidogo. Nikaweka kidole kwenye mstari wa nne, nikangoja mwenyewe.